Namna ya Kupima Mchoro wa Mmea: Kuanzia Mikoko ya Kilwa hadi Msitu wa Rondo

Mchoro wa mmea ukiwekwa mezani, watu wengi huanza na sifa: mashallah, utadhani hai. Sifa hiyo haina ubaya, ila haijapima kitu. Ua lililochorwa vibaya laweza kupendeza ukutani miaka ishirini na asitokee wa kulishtukia. Mchoraji wa mimea hakuajiriwa kupamba ukuta. Anatoa ushahidi: kwamba mmea huu, uliotoka mahali hapa, una jani la umbo hili, kikonyo cha urefu huu na ua lenye sehemu hizi, ili mtu mwingine, awe Liwale au London, aushike mchoro, ausogelee mti na aseme ndio wenyewe au sio. Uzuri unaruhusiwa, lakini uingie baada ya hapo.

Pwani ya Kilwa na Lindi haimsamehe mchoraji mvivu. Misitu yake ni vipande vipande: Pindiro na Namatimbili upande wa Kilwa, Litipo, Chitoa na Ndimba upande wa Lindi, na juu yake yote uwanda wa Rondo, unaopata ukungu wakati bonde limekauka. Ndani ya vipande hivyo mna mimea isiyoota popote pengine duniani, na mingi hufanana na jirani zake mpaka ulifungue ua na kuhesabu kilichomo. Kwa hiyo mtu wa huku anayetaka kununua mchoro, kuuagiza au kuuchagua kwa ajili ya kitabu, hana haja ya kusafiri kwenda kusomea. Mitihani yote iko nyumbani.

Anzia chini ya ukurasa

Kabla hujatazama jani, soma maandishi madogo. Mchoro wa kweli husema ulikotoka. Katika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa imeeleza spishi 12,104 za Kenya, Uganda na Tanzania, kurasa za michoro zina mstari wa namna hiyo: tawi limechorwa theluthi mbili ya ukubwa wake, ua mara nne, ovari iliyokatwa mara kumi, tawi limetoka kwenye sampuli ya mkusanyaji fulani nambari fulani, tunda kwenye sampuli ya mwingine, mchoraji ni fulani. Mstari huo unachosha kuusoma, nao ndio unaotenga ushahidi na pambo.

Ukikuta tawi limetoka kwenye sampuli moja na tunda kwenye nyingine, usidhani umedanganywa. Mti mmoja mara nyingi hauna ua na tunda kwa wakati mmoja, na mkusanyaji hakai chini yake miezi mitano akisubiri. Ila lazima isemwe. Anayechukua ua la Lindi na tunda la Tanga akayaunganisha kimyakimya ameumba mti ambao haupo, na atakayekwenda kuutafuta ataurudia msitu mara tatu bila kuuona.

Kuhusu ukubwa, penda mstari wa kipimo kuliko maneno "mara nne". Mchoro ukipunguzwa ili uingie kwenye ukurasa mdogo, au ukikuzwa kuwa bango, yale maneno yanageuka uongo palepale, lakini mstari wa sentimita moja uliochorwa kando ya ua hupungua na kukua pamoja na ua lenyewe. Ni jambo dogo sana. Ukiliona limefanywa, jua umekutana na mtu aliyefikiria maisha ya mchoro wake baada ya kuuacha mkononi.

Mtihani wa mikoko

Chukua mchoro wowote wa mikoko, uwe wa kitabu cha shule, wa bango la mradi au wa fremu ya hoteli, ushuke nao ufukweni wakati wa bamvua, maji yakishatoka.

Anza na mkoko wenyewe, ule ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata. Kila mchoraji huipatia mizizi yake, ile inayoshuka kutoka shinani ikajipinda hadi topeni, maana haikoseki. Usimpe alama kwa hilo. Nenda kwenye ncha ya jani: ina kijimwiba kidogo kigumu, na upande wa chini wa jani umetapakaa vidoa vyeusi. Mchoraji aliyeligeuza jani moja ili tumbo lake lionekane, akaviweka vidoa hivyo, alikuwa na mkoko mkononi. Kisha ua: sepali nne nene, na petali zenye vinyweleo pembeni. Kisha mche unaoning'inia mtini, ambao kwa mkoko huu waweza kupita nusu mita.

Sasa msinzi, Bruguiera gymnorrhiza, ambao wengine huuita muia. Mizizi yake ya kupumulia hupinda magoti juu ya tope. Ua lake huinama, na kikombe cha sepali ni chekundu, kimechanika ncha kumi hadi kumi na nne. Nne kwa kumi na mbili: hapo hapana ubishi, na bado utaona michoro ambamo miti hiyo miwili imevishwa kikombe kimoja. Namna mche unavyoanguka ni kipimo kikali zaidi. Mche wa msinzi huanguka na kikombe chake, umekivaa kichwani. Wa mkoko huchomoka ukaliacha tunda mtini. Anayejua hili huchora mche wa msinzi ulioanguka ukiwa na taji, na wa mkoko ukiwa kichwa wazi. Asiyejua huchora yote kwa mkono mmoja, kisha anatia rangi nzuri ya matope.

Mingine ipitie haraka. Mkandaa una sepali tano na mche mwembamba wenye matuta marefu. Mlilana una stameni nyeupe tele, na tunda lake hubaki limekalia kikombe cha sepali. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo, ndani yake mbegu zenye kona kona zilizobanana, na mizizi bapa inayojipindapinda juu ya tope. Mchu hutoa mizizi myembamba iliyosimama wima, mamia kuuzunguka mti mmoja, wala hauna magongo.

Hili la mchu lina kisa chake. Fundi mmoja wa majahazi wa Kilwa Kivinje alionyeshwa bango la rangi lililofanyiwa kazi ya ustadi hasa, kila jani linang'aa. Hakulikalia sana. "Mwalimu," akasema, "mchu tangu lini ukawa na miguu ya mkoko?" Bango likawa limekwisha. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote: mpelekee mchoro mtu anayeukata mti huo, anayechuma matunda yake au anayeutumia kwa dawa, umfunikie jina kwa kiganja. Akilitaja mwenyewe, mchoraji amefaulu. Akiguna tu, kuna jambo.

Miba ya mpingo, ua la mbuyu

Mpingo unachorwa sana, na unachorwa vibaya sana. Sababu naielewa. Watu wanaujua kama gogo jeusi, kama kinyago, kama klarineti. Wachache wamewahi kuuinamia ukiwa na majani. Tazama vijijani vyake. Havikai jozi sawasawa pande mbili za kikonyo, vingi hupishana. Mchoraji aliyevipanga jozi jozi kwa unadhifu amechora kitu kinachoelekea mkwaju. Halafu tazama miba. Miba ya mpingo ni vitawi vifupi vilivyochongoka, na kwa kuwa ni vitawi, vyaweza kubeba majani na hata maua. Kwenye mchoro dhaifu miba imebandikwa juu ya gome popote palipokuwa na nafasi. Kwenye mchoro mzuri unaona mwiba umetokea mahali tawi lingetokea, na jani limeota juu yake. Tunda nalo ni bapa, jembamba, lina mbegu moja au mbili, wala halipasuki lenyewe. Likichorwa limefunguka pande mbili mbegu zikidondoka, huo ni mti mwingine.

Ua la mbuyu ni mtihani wa aina nyingine, kwa sababu linapima pia maisha ya mchoraji. Mibuyu ya Kilwa Kisiwani na ya njia ya Lindi haifungui maua yake mchana. Tumba hufunguka jua likizama, popo huja usiku, na kesho yake petali zimekwisha kugeuka kahawia. Petali tano nyeupe zilizokunjamana, mpira wa stameni nyingi zilizoungana chini kuwa mrija, na stigma imechomoza nje kupita zote: yote hayo mchoraji ana usiku mmoja wa kuyapata, kwa taa, mbu wakiwa wengi. Ukilibana ua hilo kwenye gazeti likauke, ule mpira hubondeka kuwa sahani. Kwa hiyo mchoro wa ua la mbuyu uliofanywa kutoka kwenye sampuli kavu pekee hujulikana upesi: stameni zimelala bapa, petali zimenyooka mno. Na kosa jingine ambalo hata wachoraji wa rangi wanaosifika hulifanya ni kulisimamisha ua juu ya tawi limetazama mbingu. Ua la mbuyu huning'inia kwa kikonyo kirefu, uso chini.

Kutoka karatasi kavu

Hata hivyo sehemu kubwa ya michoro ya mimea ya Lindi haikufanyiwa Lindi. Imefanywa Ulaya, mbele ya karatasi yenye tawi lililokauka, na hili si la kulibeza. Ni kazi yenye ugumu wake, na mjuzi hujifunza kuutambua.

Fikiria jinsi inavyokwenda. Mkusanyaji hukata tawi, hulibana kati ya magazeti, hulikausha, huandika karatasi ndogo yenye mahali, tarehe, kimo cha mti na rangi ya ua, maana rangi ndiyo hutoroka kwanza. Tawi husafirishwa, hushonwa au kubandikwa kwenye karatasi ngumu na kuwekwa kabatini kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu. Miaka kumi au hamsini baadaye mchoraji hulitoa. Huchukua ua moja, hulichemsha kidogo kwenye maji mpaka lilainike, hulipasua chini ya hadubini kwa sindano, hulipima na kulichora sehemu baada ya sehemu. Kisha hutakiwa kufanya jambo ambalo karatasi haimsaidii: kulirudishia tawi lililopondwa unene, mkunjo na uzito wake, bila kubuni.

Bwana wa kazi hiyo kwa mimea ya Afrika Mashariki alikuwa Joseph Pohl, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufa 1939. Alichora kwa ajili ya Adolf Engler, mtaalamu wa mimea wa Berlin, kwa takriban miaka arobaini, na michoro inayohesabiwa kuwa yake inafika karibu 33,000. Baadaye, kwa ile Flora niliyoitaja, kalamu zilishikwa na watu kama Olive Milne-Redhead, Pat Halliday na Juliet Williamson, ambao majina yao utayakuta kwa herufi ndogo kabisa kwenye kona ya ukurasa. Mimi huyatafuta. Ukizoea mkono wa mchoraji mmoja unaanza kujua ni wapi pa kumwamini bila kuuliza na wapi pa kumchunguza.

Kwa nini ushahidi huu ni mzito kwa watu wa Lindi hasa? Kati ya mwaka 1930 na 1935 Hans-Joachim Schlieben, mkusanyaji wa Kijerumani, alizunguka Tanganyika akibana mimea. Mwisho wa safari zake alikaa Lindi, akakusanya kwenye uwanda wa Rondo na kando ya Ziwa Lutamba, magharibi ya mji. Sampuli zake kuu zilikwenda Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin na sehemu kubwa yake ikaungua, pamoja na sampuli ambazo mimea mipya ilikuwa imepewa majina kwazo. Zilizookoka ni nakala zilizokuwa zimegawiwa kwenye makumbusho mengine, na michoro iliyokwisha kuchapishwa. Tangu hapo, kwa baadhi ya mimea iliyopotea kwenye moto ule, mchoro wa mtu kama Pohl unatoa ushahidi katika kesi ambayo shahidi wake mkuu amekufa.

Mti mmoja wa Lutamba una jina la Schlieben mwenyewe: Erythrina schliebenii, wa ukoo wa mwamba-ngoma, wenye miba shinani na maua mekundu. Msitu ulikokutwa ulifyekwa baadaye kwa ajili ya mikorosho, na mwaka 1998 mti ukatangazwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena kwenye kipande cha msitu wilayani Kilwa ambacho hakikuwa hifadhi. Mwaka 2008 eneo hilo likaingiliwa na shamba la mimea ya mafuta, ikadhaniwa basi. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena. Mtu anayetembea msituni kutafuta miti isiyofika hata hamsini anahitaji mchoro usiomdanganya. Mwamba-ngoma wa kawaida wa bara, Erythrina abyssinica, una kikombe cha sepali chenye mikia mirefu myembamba. Kama mchoro wa mti wowote wa ukoo huo umekificha kikombe nyuma ya petali nyekundu kwa sababu nyekundu inapendeza, uweke kando. Sehemu inayoamua ndiyo iliyofichwa.

Wino

Michoro mingi ya kisayansi haina rangi kabisa, na mgeni huiona maskini. Mpe lenzi ya mkono kwanza.

Tazama mstari. Mstari mzuri hunenepa na kukonda: mnene upande wa kivuli, mwembamba upande wa mwanga, na kwa desturi ya kazi hii mwanga hutoka juu kushoto. Jani likipita nyuma ya jingine, mstari wake hukatika kidogo kabla ya kugusa, ukaacha kijinafasi cheupe. Kijinafasi hicho ndicho kinacholisukuma jani nyuma. Fuata mishipa ya jani kutoka kati hadi ukingoni uone kama inafika, kama inaungana kwa upinde au inafia njiani, na kama idadi yake kulia na kushoto inaaminika. Mchoraji aliyechoka huanza kubuni kwenye mishipa, maana anadhani hakuna atakayehesabu.

Kivuli hutiwa kwa nukta, moja moja, kwa kalamu ya nibu. Nukta zikiwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, mkono ulikuwa na haraka. Zikishikana zikawa doa, mchoro utaharibika ukichapwa. Mchoraji mzoefu huchora mkubwa kuliko ukurasa, akijua utapunguzwa, hivyo huacha nafasi kati ya nukta kuliko jicho linavyotaka. Ndiyo maana mchoro halisi wa wino, ukiuona mezani, waweza kuonekana mwepesi kidogo kuliko uliochapwa kitabuni. Wengi wameukataa mchoro mzuri kwa sababu hiyo.

Neno moja kwa ajili ya michoro ya kawaida kabisa. Kitabu cha Useful Trees and Shrubs for Tanzania, alichokiandika Mbuya na wenzake akina Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs mwaka 1994, kina michoro ya mistari tu, isiyo na makeke. Bwana miti anaweza kuifungua juu ya pikipiki na kuutambua mti na majina yake ya kienyeji. Ningeichukua hiyo kuliko rangi nyingi za maji nilizoziona zikiuzwa kwa bei ya mbuzi.

Rangi

Rangi ina heshima yake, lakini ina madai zaidi. Katika Afrika Mashariki jina la kwanza litakalotajwa ni Joy Adamson, yule yule wa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Mumewe wa wakati ule, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi na ndiye aliyemsukuma kwenye kazi hiyo. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell. Nguvu yake ni kwamba alipaka mbele ya mmea ulio hai, na inaonekana: shina lina uzito, petali inaelekea kunyauka. Udhaifu, kwa maoni yangu, ni kwamba picha zake nyingi zinakupa tawi bila kukufungulia ua. Zinapendwa kwa haki, ila kama unataka kutenga spishi mbili zinazofanana, utahitaji karatasi nyingine pembeni.

Ukiletewa mchoro wa rangi, uliza mambo ya kifundi bila aibu. Kijani kimechanganywa au kimetoka moja kwa moja kwenye tyubu? Kijani cha tyubu hufanya majani yote ya Tanzania yafanane. Nyekundu ni ipi? Nyekundu ya zamani iitwayo alizarin hufifia kwa mwanga, na waridi kali za kung'aa hufifia upesi zaidi. Mwamba-ngoma uliopakwa kwa hizo utakuwa wa rangi ya chai kabla mtoto wako hajamaliza sekondari. Mweupe wa ua umeachwa kuwa karatasi yenyewe au umepakwa juu? Walio bora huacha karatasi.

Kununua na kuutunza

Kama muuzaji anasema ni kazi ya mkono, weka lenzi. Rangi ya printa hujigawa kuwa vinukta vidogo vya rangi chache vilivyotawanyika sawasawa. Rangi ya maji hukusanyika ukingoni mwa mpako na kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha zamani ni kitu halali kumiliki, ila ulipie kama ukurasa. Karatasi iwe ya pamba, na uso laini, kwa sababu uso wenye vinundu hula mistari myembamba.

Pwani yetu ni adui wa karatasi. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, kwa hiyo usiutundike kwenye ukuta unaopigwa na kusi. Kioo kisiguse karatasi, na ubao wa nyuma usiwe kadibodi ya boksi, maana hiyo ndiyo huleta madoa ya kahawia. Mende hupenda gundi. Fungua fremu mara moja kwa mwaka utazame.

Ukiagiza mchoro mpya, mlipie mchoraji siku za msituni, si siku za kuchora peke yake, na umtake aache sampuli kavu yenye nambari kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa, Arusha. Hebaria ya zamani ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mchoraji makini wa mimea ya Lindi atataka kupita huko pia. Akikwambia hana haja, tafuta mwingine.

Nafasi tupu

Kuna alama moja ya ubora ambayo wanunuzi huiona kuwa dosari: mahali pasipochorwa. Tawi limekamilika, tunda lipo, na pale ua lingekaa hapana kitu, au pana mistari ya vinukta na maelezo kwamba haijaonekana. Huo ni uungwana wa kazi. Flora yenyewe kwa kawaida huchora spishi moja kwa kila jenasi, hivyo mimea mingi ya Rondo na Kilwa haina mchoro hata mmoja, na kishawishi cha kukopa sehemu za ndugu yake ni kikubwa.

Mfano mkali ni Karomia gigas, mti mrefu ambao matunda yake yamezungukwa na kikombe chepesi, kipana, chembamba kama karatasi. Ulijulikana kwanza kwa mti wa pwani ya Kenya, nao ukapotea. Miti michache mno iliyobaki ilikutwa Kilwa na jirani zake. Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa na majani na matunda yake bila kuliona ua. Ua lilikuja kuonekana miaka ya karibuni kwenye miche iliyooteshwa kwa mbegu za Tanzania katika bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na hata huko halikukaa hata siku nzima. Kwa hiyo ukiuziwa mchoro wa Karomia gigas wenye tarehe ya miaka ya 1990, na juu ya tawi pana ua kamili lenye petali na stameni zake, muulize muuzaji ua hilo lilichumwa mti gani.